Sauti Aliyoiazima Serge

Paris, 3 Februari 1998

Huguette mdogo wangu,

Barua yako ya Krismasi imefika juzi, imechakaa kama iliyotembea kwa miguu kutoka Durban. Picha ya mwanao Marie nimeibandika kwenye mlango wa friji. Ana paji la uso la Mama, na sijui kama umeliona hilo.

Nina habari. Nimepata kazi ya filamu, na safari hii si ya kupita nyuma ya mtu. Ni nafasi kubwa. Jina langu litaandikwa peke yake, Serge Asukulu, herufi ndefu. Unajua nilitoka Uvira mwaka sabini na tatu na sanduku moja, nije nisomee kujenga barabara. Baba alikaa muda mrefu bila kuniandikia alipojua nimeacha chuo na kuingia kwenye kundi la maigizo kule Lyon. Jukwaani nilikuwa mfalme mara moja, watu wakasimama kunipigia makofi, nikadhani maisha yamefunguka. Sinema iliponiita ikanipa sinia nibebe. Nimekuwa mtumishi, bawabu, dereva wa teksi, maiti. Katika ule mchezo wa polisi wa televisheni, mwaka baada ya mwaka, nilimfungulia inspekta mlango wa gari. Sasa nina miaka arobaini na tano, ndipo wameniona.

Na filamu yenyewe itapigwa huko huko Durban, mwezi wa sita. Hadithi ni ya kwetu, ya kwenye maziwa, lakini watu wa bima hawataki kamera zifike kule. Wanasema bandari yenu na vilima vyake vitatosha. Mimi nitakuwa kamanda.

Naogopa, Huguette. Ninasimama mbele ya kioo, ninafoka kama askari, na ninachokiona ni bawabu aliyevaa kofia ya mtu mwingine. Nikiharibu hii hawataniita tena.

Jambo lingine. Sijawahi kukuuliza juu ya siku waliyomchukua Baba. Uliandika tu kwamba wamemchukua, na mimi nikaogopa kuuliza zaidi. Sasa naomba uniambie. Walikujaje, walisema nini, huyo mkubwa wao alikuwa mtu wa namna gani. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na sikuwepo.

Msalimie shemeji yangu Baudouin. Mbusu mtoto.

Serge


Durban, 1 Machi 1998

Yaya Serge,

Wakenya wa huku wananicheka nikikuita hivyo. Kwao yaya ni mwanamke wa kulea watoto. Nimewaambia kwetu yaya ni ndugu mkubwa, na huyu wangu ni mwigizaji wa Paris. Wameacha kucheka.

Habari yako niliisoma saluni. Spès, yule Mrundi ninayesuka naye, aliangusha kitana. Ameniuliza kama utakuja na walinzi. Nilimwambia wewe ndiye mlinzi, umewahi kuwa mlinzi mara nyingi.

Sisi tunaishi. Baudouin siku nyingine anapata kazi bandarini, asipopata analinda magari ya watu. Tumehamia Berea, chumba kimoja ghorofa ya tatu, jengo lina wanafunzi na watu wa kila aina. Nikitoka nje nanyamaza. Ukisema Kiswahili mtu anageuka, anakuuliza utarudi lini kwenu. Wiki iliyopita kijana wa Bukavu alipigwa pale kwenye robot, taa za barabarani, ziko nyekundu, magari yamesimama, watu wanatazama tu kupitia vioo. Marie nimemfundisha kunyamaza barabarani, na bado hajajua hata kusema.

Umeniuliza juu ya Baba. Nimekaa na swali lako siku nyingi. Hata Baudouin sijamwambia, maana siku ile alikuwa Bujumbura kununua bidhaa, na aliporudi hakukuwa na muda wa kusimulia, tulikuwa tunakimbia. Ninakuambia wewe kwa sababu ni baba yako pia.

Ilikuwa asubuhi, mwezi wa kumi, vita ilipoingia Uvira. Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni, Marie kifuani, ana wiki chache, ninamnyonyesha asilie. Nje askari walikuwa wengi, lakini aliyeingia ni mmoja. Nilidhani ataingia kwa kelele. Alibisha hodi, Yaya. Akavua kofia. Akamsalimia Baba kwa heshima, akaomba maji, akanywa, akasema maji ya nyumba hii ni matamu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani: “Mzee, vaa viatu kwanza. Huko njiani iko mawe.”

Baba akaleta viatu vyake vya Jumapili. Kamba zikamshinda kufunga. Basi yule mtu akapiga goti akamfunga, kiatu kimoja, halafu cha pili, polepole, kama mtoto anavyomfunga mzazi wake. Akamshika mkono, wakatoka. Sikusikia bunduki. Sikusikia kitu, hadi leo nangoja kusikia.

Tangu siku hiyo mtu akipiga kelele simwogopi. Ninamwogopa anayesema kwa upole. Mwanamume akija saluni kumchukua mke wake, akisema polepole, vidole vyangu vinaacha kusuka.

Ukimaliza kusoma, choma barua hii.

Mdogo wako,
Huguette


Paris, 22 Aprili 1998

Huguette,

Nimechelewa kukujibu. Niliposoma barua yako nilikaa kwenye ngazi za jengo, sikuweza kupanda hadi mlangoni kwangu. Nilimlilia Baba kama ndiyo kwanza nimepata habari. Asante kwa kuniambia.

Mazoezi yameanza. Mwongozaji wa filamu alikuwa ananitazama kwa wasiwasi, nikaona anajuta kunichukua. Sasa ametulia. Anasema nimeipata sauti. Juzi mama anayetushonea nguo alitoka chumbani nikiwa katikati ya maneno yangu, na wenzangu wakasema hiyo ni dalili nzuri.

Nitafika katikati ya Juni, hoteli iko ufukweni. Kampuni inatafuta watu wanaosema Kiswahili wapite nyuma, wasimame milangoni, wabebe mizigo. Wanalipa vizuri kwa siku. Kama unawafahamu watu wa kanisani kwenu, waambie. Ila wewe mwenyewe usije kwenye upigaji wa filamu, Huguette. Ni kazi ya kusimama juani tangu asubuhi, inachosha bure. Tutaonana Jumapili, nitakuja nile kwako, nimbebe Marie.

Serge


Durban, 9 Mei 1998

Yaya Serge,

Watu wamepatikana. Zénon, yule mwenye duka la simu anayeongoza kwaya yetu, ametangaza baada ya ibada, wakajaa wengi kuliko wanaohitajika. Kuna Warundi, kuna wa Uvira, wa Fizi, wa Bukavu. Spès naye ameandikishwa, ana mimba ya miezi sita lakini anasema kusimama mlangoni hakumshindi.

Na mimi nimejiandikisha. Usikasirike. Barua yako niliielewa. Unaona haya wenzako wa Paris wakimwona dada yako amebeba beseni, ana rangi ya nywele za watu kwenye kucha. Sitakuja kukuita jina mbele yao. Nitasimama nyuma. Lakini tangu nina miaka sita nasikia tu kwamba ndugu yangu anaigiza, na sijawahi kukuona ukiigiza hata mara moja isipokuwa kwenye picha. Eish, unadhani nitakaa chumbani na wewe uko ng’ambo ya bandari?

Nitavaa kile kitambaa cha buluu ulichonitumia.

Huguette


Durban, Berea, 19 Juni 1998

Serge,

Baudouin atakuletea hii hotelini. Usimpe jibu la mdomo, andika. Usije nyumbani. Nimewaomba majirani wasikufungulie.

Nitakuambia nilichokiona mimi, kwa sababu wewe ulikuwa mbele ya kamera na sijui ulikuwa unaona nini.

Walitushusha Bluff asubuhi, kwenye yale maghala ya zamani karibu na maji. Kati ya maghala walikuwa wamejenga barabara ya kwetu. Vibanda vya udongo, duka la chumvi, migomba ya plastiki. Spès alicheka, akasema rangi ya udongo wameikosea. Nilikuulizia nikusalimie, wakaniambia bwana Asukulu yuko ndani ya gari lake, haongei na mtu kabla ya kuigiza. Nikasema sawa, ni kazi. Msichana mwenye kipaza sauti akatuambia tukae milangoni na tutazame. Hakuna aliyetuambia tutatazama nini.

Gari la jeshi likaja. Ukashuka. Ukavua kofia. Ukabisha hodi kwa yule mzee mliyemkodi, akatoka barazani, ukaomba maji. Hapo bado nilikuwa najiambia, watu wengi huomba maji. Kisha ukasema maneno ya viatu. Kwa sauti ile ile. Ukapiga goti.

Sikupiga kelele. Nilijikuta nakimbia na beseni mkononi. Watu wa kampuni wanasema wote walikimbia kwa sababu mimi nilikimbia. Si kweli. Wengine walikuwa wameshatangulia. Kila mmoja pale ana wake aliyekuja siku fulani kubisha hodi. Spès aliteleza kwenye ngazi za gati, akaanguka na tumbo lake. Nilipogeuka kumwinua nikaona kamera inatufuata, inageuka nasi taratibu. Na wewe bado uko magotini, kamba za kiatu mkononi.

Spès yuko hospitali. Amevunjika mguu, na uchungu umeanza kabla ya wakati.

Nilikuwa na sura ya yule mtu, Serge. Nilikuwa nimeishikilia, kwamba siku moja nikiulizwa niweze kusema ndiye huyu. Tangu jana naitafuta, siioni. Nikifumba macho, anayemfunga Baba viatu ni wewe. Sauti ni yako. Umemfuta yule, ukakaa mahali pake.

Huguette


Hotelini, Durban, 19 Juni 1998

Huguette,

Baudouin amesimama mlangoni, hataki kuketi. Ananiangalia mikono ninavyoandika.

Nilikuandikia usije. Ningekuambia sababu, ningelazimika kuiacha ile sauti, na sikutaka kuiacha. Barua yako niliisoma mara ya kwanza kama mtoto wa Baba, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Siku ya pili niliisoma tena nikiwa na penseli. Nilipokuuliza habari za Baba sikujua ni nani kati ya hao wawili, mtoto au mwigizaji, anayeuliza. Naapa sikujua. Pengine sikutaka kujua.

Kuna kitu kibaya zaidi, na ukikisikia kwa mtu mwingine utadhani nilikificha. Mlipoanza kukimbia nilijua si mchezo. Nilimsikia yule mama akianguka. Na sikuinuka. Niliendelea kushika zile kamba hadi mwongozaji aliposema inatosha. Maisha yangu yote kamera imenipita ikimtafuta mtu mwingine. Jana ilikuwa inanitazama mimi, na nikabaki magotini ili iendelee kunitazama. Tangu hapo ninamwogopa huyo aliyebaki pale chini, kwa sababu nimerudi naye hotelini.

Mwongozaji amefurahi mno. Anasema woga kama ule huwezi kuununua. Nimemwambia sehemu ile itupwe, au sitavaa tena sare. Amesema tutazungumza.

Nilikwenda hospitali kumwona Spès. Nilivaa shati la kawaida, nimeshika matunda. Mwanamke mmoja wa kwenu aliponiona kwenye varanda alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta, akaenda pembeni pembeni hivyo hivyo, asinipe kisogo. Niliyaacha matunda kwa nesi nikaondoka.

Niambie nifanye nini, nitafanya.

Serge


Durban, 29 Juni 1998

Serge,

Mtoto wa Spès amezaliwa. Ni msichana, mdogo kama mkate, wamemweka kwenye kisanduku cha kioo, lakini anapumua. Spès mwenyewe ni mzima. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

La pili ni hatari yako. Jana baada ya ibada watu hawakutawanyika. Mwanamume mmoja wa Fizi alisimama akasema amekutambua. Akasema wewe si mwigizaji, wewe ulikuwa kamanda kweli, alikuona kwa macho yake mwaka tisini na sita ukimfunga viatu jirani yake, na kwamba Wafaransa wamekuficha ndani ya sinema. Wa pili akasema naye anakumbuka. Wa tatu akaitaja hadi siku. Vijana wakaanza kupanga nani atakungoja kwenye maegesho ya hoteli, na kwa gari gani.

Mimi nilikuwa kwenye benchi na Marie. Hakuna aliyejua kwamba ni mimi niliyekupa maneno yale. Ningenyamaza tu, jambo lingefanyika bila mkono wangu. Nakuambia kweli, nililifikiria. Lilikuwa jepesi sana, na wepesi wake ndio ulionitia hofu kuliko vijana wenyewe.

Zénon akaniuliza mbele ya wote kama huyu mtu ni ndugu yangu kweli, au ni jina tu nililoambiwa nilitaje. Nilisimama. Nikasema: “Ni mtoto wa mama yangu. Mwaka ule alikuwa Ufaransa. Maneno mliyoyasikia nilimpa mimi, yalisemwa kwa baba yetu. Kama mnamtafuta aliyeyasema mara ya kwanza, hata mimi namtafuta.”

Yule wa Fizi akaketi, akajifunika uso kwa mikono, akawa anasema alikuwa na hakika, alikuwa na hakika kabisa. Nikaelewa kwamba naye umemwibia sura ya mtu wake. Zénon akawaomba wale vijana funguo za gari, wakampa.

Kwa hiyo usitoke hotelini bila gari la kampuni. Wengine hawakuwepo jana, na wengine hawakuniamini. Ukimaliza kazi, ondoka. Usije kuaga. Nimekutetea, lakini siwezi kukaa nawe chumba kimoja. Ukiniambia pole kwa mdomo wako, nitakimbia tena.

Umeuliza ufanye nini. Nyuso zetu zisionekane. Hakuna hata mmoja wetu aliyekubali kupigwa picha akikimbia.

Huguette


Paris, 14 Februari 1999

Huguette,

Nimekuandikia mara nyingi tangu nirudi, nikachana. Hii nitaituma kabla sijaisoma.

Uliondoa watu kwenye maegesho, mimi sikuweza hata kumwondoa mtu mmoja kwenye filamu. Wiki ile tulipiga sehemu ile upya, na watu wengine, bila viatu, bila maji. Mwongozaji aliniapia kwamba ya kwanza ataitupa. Mwezi uliopita tulioneshwa filamu yote. Niliketi mstari wa tatu. Ilipofika pale nikaona ninavua kofia, nikajua amenidanganya. Kamba zote ziko pale. Ninyi hampo. Hilo tu nimelipata, kwa wakili: mara tu mnapoanza kukimbia picha inageukia baharini. Inasikika miguu yenu, nyuso hazionekani. Nilitaka nikuambie hivyo kabla hujasikia kwa mtu.

Watu wananisifu. Wanaandika kwamba hatimaye nimefika. Wameniletea kazi nyingine za filamu, na katika zote mimi ni mtu yule yule, nimebadilishiwa sare tu. Nimezikataa. Nikarudi Lyon, kwenye lile kundi langu la zamani, wakanipa nafasi ya baba wa familia katika mchezo mdogo, watu wanakula na kugombana, basi. Siku ya kwanza ya kusoma nikafungua mdomo kumwambia binti yangu wa mchezoni apitishe chumvi. Ikatoka sauti ile. Sikuiita. Yule msichana akaacha kijiko hewani, akanitazama kama hanijui.

Siku ya pili haikutoka sauti yoyote. Daktari amenimulika koo, anasema hakuna kitu. Dukani ninaonyesha mkate kwa kidole. Majirani wanadhani ninaumwa mafua. Niko hivyo wiki ya pili sasa. Nikiwa peke yangu ninaweza kujaribu, lakini sijaribu, kwa sababu naogopa nitakayemsikia. Mimi sina kazi nyingine, Huguette. Barabara sikujifunza kuzijenga.

Huna deni la kunijibu.

Serge


Durban, 2 Mei 1999

Serge,

Sikutaka kujibu. Nakuandikia kwa sababu ya Marie.

Karibu na saluni kuna mtu anauza kanda za video za wizi. Wiki hii ameweka yako mbele kabisa. Sura yako imejaa juu ya jalada, na ile kofia. Nilikuwa nimemshika Marie mkono, akasimama, akakunyooshea kidole, akauliza huyo ni nani. Nilimvuta tukaondoka. Yeye akaanza kulia, si kwa sababu yako, ni kwa sababu aliuona uso wangu.

Nimeogopa tangu hapo, na ni hofu mpya. Nimeona jinsi mtoto anavyofundishwa. Sijamwambia kitu chochote kibaya juu yako, na tayari anajua kwamba mtu yule wa kwenye jalada anamfanya mama akimbie. Siku moja ataitazama hiyo filamu, kwa jirani, popote, na hiyo ndiyo itakuwa mara ya kwanza kumsikia mjomba wake. Sitaki iwe ya kwanza.

Kwa hiyo nataka utume kanda ya sauti. Usiseme pole. Usinisomee kitu. Usiigize. Kaa jikoni kwako, washa mashine, useme unapika nini. Hata kama sauti haitoki, washa. Itamsaidia yeye. Mimi sijui kama nitaisikiliza.

Spès anakusalimu. Mimi nisingekusalimu kama ningekuwa yeye, lakini amesema niandike. Mtoto wake anatambaa, na anapenda kula karatasi.

Huguette


Paris, 11 Julai 1999

Huguette,

Kanda ni hii. Imenichukua wiki kadhaa, utasikia mahali nilipozima na kuwasha.

Mwanzo wote ni kisu tu. Nilikata vitunguu na sauti haikuja, nikaona nisifute, uliniambia niwashe tu. Baadaye kuna maneno. Nilikuwa napika maharage. Sikuyasikiliza tena baada ya kumaliza, kwa hiyo sijui ni nani aliyeyasema. Mwache Baudouin asikilize kwanza. Akiona ni yule, aitupe bandarini, na mimi nitaelewa.

Serge


Durban, 22 Agosti 1999

Yaya Serge,

Baudouin alisikiliza kwanza, amevaa vile vidude vya masikioni, uso umekaza kama anasikiliza kesi. Alipomaliza akaniambia ni mtu anayepika.

Jioni ile aliiweka tusikie wote. Nilisimama nje kwenye korido, mlango wazi. Nikasikia kisu. Nikasikia unavuta pumzi. Ukasema “Basi,” na mimi nilikuwa tayari nimeshuka hadi barabarani, miguu mitupu, mlinzi wa jengo ananiuliza kama kuna moto. Sikurudi juu hadi iliposimama.

Siku nyingi nikawa natoka wanapoiweka. Naketi kwenye ngazi ya chini. Baadaye nikaketi ya juu. Marie ameizoea kuliko wimbo wowote. Akiamka anaitaka. Unapokohoa, naye anakohoa. Unapouliza chumvi iko wapi, anakujibu iko hapa, anakuletea yetu. Unadhani nilifanya ujasiri kuingia ndani? Nilichoka tu kukaa kwenye ngazi peke yangu, na wao wako ndani wanacheka.

Jumanne nilikuwa nasonga ugali. Umefika pale unapokwenda kumfungulia mtu mlango, unamwacha asemeseme, unarudi, maharage yameungua. Ukayatukana kwa Kibembe. Tusi ambalo Mama angekupiga kwa mwiko. Nikacheka, Serge. Kisha nikashtuka kwamba nimecheka, nikazima jiko, nikaketi sakafuni. Marie akaja akaketi nami.

Usidhani yamekwisha. Mwisho wa kanda unapunguza sauti, unatuaga polepole. Hapo bado siwezi. Nazima kabla hujafika.

Lakini juzi, nikimsuka mteja, kimenijia kitu. Yule mtu alikuwa na kovu chini ya jicho la kushoto, limejikunja kama kucha. Wewe huna. Niliacha kusuka, nikamwambia Spès, nikamwambia tena, nikampigia Baudouin bandarini nikamwambia na yeye, ili hata nikilisahau wawe nalo watu wengine. Bado sijaipata sura yote. Nina kovu tu. Inatosha kujua kwamba ni mtu mwingine.

Kila Jumapili baada ya ibada nitakuwa dukani kwa Zénon. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Piga saa kumi ya huku. Baudouin atasimama mlangoni, na mlango utakuwa wazi.

Ukisikia simu imepokelewa, usiseme kitu. Nitaanza mimi.

Huguette